Sukari Iliyopanda Jumapili

Mlio ulitoka mahali fulani kati ya magunia ya vitunguu na mafungu ya machungwa, na watu wawili wasiojuana wakapeleka mikono mifukoni kwa wakati mmoja.

Wa kwanza alikuwa Intisar, mwalimu wa chekechea kutoka Bofu, Likoni, aliyefika soko la Kongowea asubuhi ile kumnunulia mamake ndimu za achari. Alivaa buibui jeusi lenye nakshi za fedha mikononi, na ushungi wa zambarau alioutanguliza mbele mno, kama alivyozoea kufanya akiwa peke yake kwenye umati. Wa pili alikuwa kijana mrefu mwenye koti la kazini la rangi ya chungwa, mkungu wa ndizi begani.

"Samahani, dada," kijana alisema. "Hiyo kengele ni yako au yangu?"

Intisar akaitazama simu yake. Tarakimu zilikuwa nyekundu. Ndipo alipotambua kwamba jasho lililomtoka halikuwa la jua.

"Yangu," akajibu, kwa sauti ambayo hata ndimu mkononi hazikuisikia.

"Ngapi?"

"Tatu nukta tano."

"Na bado umesimama? Subhanallah!" Aliutua mkungu chini akamgeukia muuza maji ya miwa. "Kaka! Gilasi moja, kubwa, na usitie barafu wala tangawizi wala maneno!"

Intisar akanywa. Kijana hakumsogelea wala hakumshika. Alisimama tu upande wa njia, akiwazuia mahamali wa mikokoteni wasimgonge. Gilasi ilipokwisha, alikunja mkono wa koti lake. Kwenye msuli, juu ya kiwiko, palikuwa na kibandiko cheupe cha mviringo, mithili ya kifungo kikubwa cha shati.

"Na mimi nimebandikwa," akasema. "Naitwa Talha."

Intisar alikikodolea macho. Tangu aanze kuugua kisukari akiwa msichana wa shule, hakuwahi kukutana na kijana mwenzake anayejidunga insulini, sembuse mwenye kibandiko kama chake, cha kupima sukari na kuituma kwenye simu. Aibu ilimtaka anyamaze, lakini udadisi ulikuwa na nguvu zaidi.

"Chako kinawasha?"

"Kikiwa kipya kinawasha kama upupu. Chako?"

"Changu kinanasa kwenye mkono wa buibui kila nikivua."

Talha akafikiri. "Wallahi hilo halikunijia."

"Hata waliokitengeneza halikuwajia," Intisar alisema, na kwa mshangao wake mwenyewe akacheka.

Talha alikuwa karani wa mizigo kwenye yadi moja ya makontena kule Changamwe. Kwao ni Kisauni, alieleza, lakini alikuwa amepanga chumba Magongo, karibu na kazi.

"Na wewe?"

"Nafundisha chekechea."

"Ndiyo maana unazungumza polepole kama unayesomesha irabu."

"Na wewe unazungumza kama unayeiamuru kreni."

Aliyasema hayo akainama, akaziokota ndimu zake na kuondoka kabla uso haujamwiva kabisa. Hakuuliza nambari yake ya simu. Njia nzima alijilaumu.

*

Hakuwa na haja ya kujilaumu. Wagonjwa waliokuwa wakikivaa kibandiko kile walikuwa wachache, na wote walikuwa wamealikwa ukumbi mmoja wa Changamwe Jumamosi iliyofuata. Kaunti ilitaka kuamua kama vibandiko hivyo vinafaa kununuliwa kwa ajili ya zahanati za umma. Kabla ya kuamua, kituo cha utafiti kiliunda jopo la wagonjwa, wavivae kwa muda, wakutane kila Jumamosi, kisha waiambie kamati ya kaunti, kwa midomo yao, waliyoyaona.

Intisar alipoingia, Talha alikuwa ameketi mstari wa nyuma. Alimwona, akasogeza begi lake kutoka kiti cha pembeni, halafu akatazama dari kana kwamba begi lilisogea lenyewe.

Mbele alisimama Jael, muuguzi wa utafiti aliyehamia pwani kutoka Vihiga, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye raba nyeupe.

"Madaktari watatuambia hiki kitu kinapima vipi," alisema. "Hilo ni lao. Mimi nataka ninyi mniambie kinaishi vipi na mtu. Kinalala vipi? Kinaoga vipi? Kinasali vipi? Hapa hakuna swali la kijinga."

Mzee mmoja akainua mkono. Alikuwa Mwangi, dereva mstaafu wa malori kutoka Port Reitz. "Basi nauliza. Mbona changu kinalia pasta akianza tu kuomba?"

"Labda hukunywa chai, mzee."

"Au pasta anaomba sana!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha Jael akaeleza jambo la pili. Kila mgonjwa alitakiwa kuwa na mwangalizi, mtu ambaye simu yake ingeonyesha sukari ya mgonjwa saa zote na kulia ikishuka. Wengi walikuwa na wake zao, waume zao, watoto wao. Mamake Intisar alikuwa na simu ndogo ya kupigia tu. Talha aliishi peke yake.

"Ninyi wawili angalianeni," Jael akasema, akapita.

Talha akamwinamia kidogo. "Usiogope. Mimi ni mwangalizi mwenye macho ya haya."

"Haya gani? Umeniwekea kiti."

"Mimi? Begi ndilo lililosogea."

*

Ndivyo kila mmoja wao alivyopata mstari wa mwenzake kwenye simu. Ulipanda, ukashuka, ukanyooka. Mwanzoni Intisar aliutazama wa Talha kwa ajili ya jopo tu. Baadaye aliutazama akichemsha chai, akisahihisha michoro ya watoto, akisubiri wali uive. Kulikuwa na kijilima baada ya adhuhuri, naye alitaka kujua ni cha nini. Kulikuwa na kingine jioni, chembamba kama kidole.

"Cha jioni ni kashata," Talha alimwambia kwenye simu. "Kahawa chungu bila kashata ni adhabu. Haya, na wewe, mwalimu, asubuhi ya leo umekula nini? Nimeona mlima."

"Hamri moja."

"Mlima huu si wa hamri moja."

"Basi mawili. Na mbaazi. Na wewe mbona mstari wako umelala kama barabara ya ndege?"

"Sijala. Makontena yamefurika, sijapata hata nafasi ya kukaa."

"Talha, kula."

"Nikila utafurahi?"

"Nitatulia."

"Basi nakula, laazizi."

Intisar alisimama na simu sikioni katikati ya uwanja wa chekechea, watoto wakimzunguka miguuni kama kuku.

"Intisar? Umekata?"

"Nipo."

"Nimekukosea?"

"La. Sema tena. Mtandao wa huku si mzuri."

Mtandao wa Bofu siku hiyo ulikuwa safi kabisa. Talha akarudia, na Intisar akamwambia bado hakusikia vizuri, mpaka Talha akaanza kucheka.

Siku nyingine Intisar ndiye aliyempigia. "Leo mchana umeshtushwa na nini?"

"Umejuaje?"

"Sukari yako ilipanda na hukula kitu."

"Mnyororo ulikatika yadini. Kontena likaanguka hatua chache kutoka tulipokuwa. Sijamwambia mtu yeyote, hata mamangu." Akashusha pumzi. "Kumbe hofu nayo ni chakula."

Intisar aliyabeba maneno hayo kifuani siku kadhaa. Hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha hofu yake. Alijiuliza mambo mengi: kama mtu anaweza kupendwa kwa kutazamwa tu, na kama Talha naye aliutazama mstari wake akinywa chai. Siku moja alimuuliza.

"Kila nikinywa," Talha akajibu. "Na nikiona umelala tambarare, na mimi napata usingizi. Intisar, nataka kuja kwenu. Nije na wazee."

"Usije bado," alisema, kwa sababu aibu ilikuwa imemkaba. "Nipe nafasi kidogo nimwambie Mama."

Hakumwambia Mama. Kila asubuhi aliyapanga maneno, na kila jioni aliyapangua.

*

Wageni wengine wakamtangulia Talha.

Walitoka Mtongwe Jumapili, familia ya mfanyabiashara wa vitambaa. Asubuhi hiyo Bi Mwanasaumu, mamake Intisar, alitandika mikeka mipya, akafukiza udi, akamletea bintiye dera la kijani lenye maua.

"Mama, mimi sijasema—"

"Hujaambiwa useme. Umeambiwa uvae. Wanakuja kukutazama tu." Akalegeza sauti. "Na habari ya sukari tutawaambia baadaye, mwanangu. Mambo yakishakaa. Watu wakisikia maradhi wanakimbia."

Intisar alikuwa amekula pilau ya mchana akikusudia kujidunga mara tu baadaye. Kalamu yake ya insulini ilikuwa imekwisha. Mpya ilikuwa ndani ya friji. Na friji, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Bofu, ilikuwa sebuleni, ikitazama mlango kwa fahari. Wageni walifika mapema. Nyanya wa bwana harusi mtarajiwa, kwa kutafuta upepo wa feni, akaketi akiuegemeza mgongo wake kwenye mlango wa friji hiyo.

Intisar alipita na sinia ya sharbati, akaitazama friji. Akapita na sinia ya visheti, akaitazama tena. Angesema nini? Shikamoo nyanya, naomba upishe nichukue sindano? Mama alimtolea macho kutoka pembeni. Hakuonja hata tone la sharbati, lakini pilau ilikuwa ikifanya kazi yake, na hofu ikafanya yake. Ulimi wake ukakauka kama kipande cha ngozi.

Ami yake Ishaka, ndugu wa marehemu babake, ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Alimwita mbele ya wanawake.

"Ndoo, mwanangu. Wageni umewaona. Una la kusema?"

Intisar akafungua mdomo. Ulimi ulikuwa umeganda kwenye kaakaa. Akainamisha kichwa.

"Amenyamaza!" nyanya akasema kwa furaha, akipiga makofi magotini. "Mwanamwali amenyamaza!"

Kwa desturi, kimya cha mwanamwali ndicho kibali chake. Vigelegele vikapigwa hadi majirani wakachungulia. Jibu rasmi, Ami Ishaka alisema, litapelekwa Mtongwe siku ya Ijumaa.

Walipoondoka, Intisar aliikimbilia friji, akajidunga, akanywa maji mpaka tumbo likajaa. Kisha akaichukua simu aliyoiacha chumbani. Sukari yake ilikuwa kumi na saba. Chini yake palikuwa na ujumbe wa Talha: *Hongera. Nimeona furaha ilivyopanda.*

Mahali pa mstari wa Talha palikuwa peusi. Alikuwa amejitoa.

"Mama mdogo," Intisar alimuuliza Nyevu, mdogo wa mamake, aliyekuwa akikusanya masinia. "Kuna mtu alinipigia?"

"Mwanamume mmoja ana sauti tamu kama ya redio. Nikamwambia huwezi kuzungumza, una wageni wa posa." Nyevu akamtazama, tabasamu likimtoka polepole. "Ilikuwa siri?"

Intisar akampigia Talha. Hakupokea. Akapiga tena. Akaandika ujumbe, akaufuta. Halafu akaketi kitandani, akautazama mstari wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mlima ulianza adhuhuri ukapanda mpaka alasiri bila kupumzika. Kwa mtu aliyekuwa Magongo, akiwa ameshaambiwa kuna posa, mlima ule ulikuwa halwa na sharbati na kicheko cha bibi harusi. Mtu huyo hakuweza kuiona friji.

*

Alhamisi, siku moja kabla ya jibu kupelekwa Mtongwe, jopo lilikutana na kamati ya kaunti. Ukumbi wa Changamwe ulijaa. Ulikuwa mkutano wa wazi, na Jael aliwataka wagonjwa waje na watu wao. Bi Mwanasaumu alikuja na leso zake mpya. Alikuwa na hamu ya kuona kitu gani hicho kinachomtoa mwanawe nyumbani kila Jumamosi.

Talha aliketi safu ya mbele. Shati lake la buluu lilipigwa pasi hadi mikunjo ikawa kama kisu, lakini macho yalikuwa ya mtu asiyelala. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Daktari Janice, mwenyekiti wa kamati, alimpa nafasi azungumze kuhusu waangalizi.

"Kinafaa," Talha akasema. "Mtu anaweza kukuficha kwa mdomo, lakini sukari haifichi. Hata akikwambia hana neno, wewe unaona. Ukiwa na mwangalizi, hakuna kudanganyana."

Daktari Janice akatikisa kichwa kukubali. "Kamati pia inaelekea huko. Vibandiko ni ghali. Tunafikiri kila atakayepewa bure alazimike kuwa na mwangalizi, na asiweze kumwondoa. Kama hakuna mwenye neno—"

Ndege ikapita juu, ikishuka uwanjani, kubwa, ikayatetemesha mabati. Kama kawaida ya ukumbi ule, wote walinyamaza wakasubiri ipite.

Intisar alikisikia kimya hicho mwili mzima. Jumapili watu walimsomea kimya chake wakakipa maana yao. Ndege ikishapita watakisoma tena, na safari hii kwa niaba ya kila mgonjwa wa kaunti. Akasimama.

"Mimi nina neno."

Ndege iliyameza maneno yake. Jael, aliyeiona midomo yake ikicheza, akanyoosha mkono. "Ngojeni. Rudia, Intisar."

"Nina neno," akasema. Akaifumbata mikono ndani ya buibui. "Naitwa Intisar. Nina kisukari tangu nikiwa na miaka kumi na minne." Akasikia pumzi ya mamake ikikatika. Hakutazama kando, angetazama angekaa. "Jumapili nilikuwa na wageni. Sukari yangu ikapanda, ikafika kumi na saba. Mwangalizi wangu akaiona. Kibandiko hakikusema uongo, ilikuwa kumi na saba kweli. Lakini mwangalizi wangu akajijibu mwenyewe kwa nini ilipanda. Hakuniuliza."

Mgongo wa Talha ukanyooka kitini.

"Kwani ilipanda kwa nini?" Daktari Janice akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa amekalia ukingo wa kiti, anataka kujua.

"Kwa sababu dawa yangu ilikuwa kwenye friji, na friji iko sebuleni, na nyanya wa watu alikuwa ameiegemea."

Wanawake wakaanza kucheka, kicheko cha watu wanaojua hasa sebule hiyo ilivyo.

"Na nilikuwa naogopa," Intisar akaendelea. "Hofu nayo hupandisha. Mwangalizi wangu analijua hilo, yeye ndiye aliyenifunza. Siku hiyo alilisahau."

"Unataka tuondoe waangalizi?"

"La. Kengele hii ilishanisaidia sokoni, na kuna wenzangu wanaoishi peke yao. Lakini nambari inasema ni ngapi, haisemi kwa nini. Kwa hiyo mwenye mkono uliobandikwa ndiye afungue mlango, na yeye ndiye aufunge. Msimfungulie kwa nguvu kwa sababu amepewa bure."

Mzee Mwangi akainuka bila kupewa ruhusa. "Mimi namuunga mkono huyu mtoto! Mwanangu yuko Nairobi. Kila nikila andazi, simu! Daddy, umekula nini? Mimi nimeendesha lori hadi Kampala miaka yangu yote, leo nafukuzwa na andazi?"

Safari hii hata Daktari Janice alicheka. Alipomaliza alisema kwamba kamati itapendekeza uangalizi uwe wa hiari, na mgonjwa awe na uwezo wa kuufungua na kuufunga. Jael alimpungia Intisar mkono kwa siri, kidole gumba juu.

Intisar akaketi. Bi Mwanasaumu alikuwa amefunika mdomo kwa leso.

"Mama, nimekuaibisha."

"Hofu?" mamake akauliza. "Ulikuwa unaogopa, mbele yangu, na mimi nilikuwa nahesabu visheti?"

*

Talha alimkuta nje, kwenye kivuli cha ukuta. Bi Mwanasaumu alisogea hatua kadhaa akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Friji?" Talha akasema.

"Friji."

"Wallahi nilidhani ni halwa."

"Najua ulichodhani. Uliniandikia."

Aliinamisha kichwa. "Niliona mstari unapanda, nikaambiwa posa, nikasema basi, kila kitu kiko wazi. Nilikaa chumbani nautazama ukipanda kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua."

"Na hukupokea simu."

"Niliogopa ungesema ni kweli."

"Na mimi niliogopa kumwambia Mama kukuhusu." Intisar alivuta ushungi, kisha akauachia. "Kumbe tuko waoga wawili, na sukari ndiyo tuliyoiachia izungumze."

"Nisamehe, Intisar. Nifungulie tena mstari wako."

"Hapana."

Talha akainua macho.

"Siyo sasa," akasema Intisar. "Kwa sasa uniulize kwa mdomo."

Akafikiri kidogo, kisha akasimama wima kama mwanafunzi. "Mwalimu, sukari yako ni ngapi?"

"Tisa."

"Na roho yako?"

"Hiyo haikubandikwa kitu. Lakini imekukasirikia."

"Sana?"

"Inapungua."

Talha alitaka kutabasamu, akajizuia. "Na posa ya Mtongwe?"

Hapo Intisar alinyamaza, naye Talha, kwa mara ya kwanza, akangoja bila kujijibu.

"Jibu ni kesho," akasema. "Litakuwa langu."

*

Ami Ishaka alikuja Bofu baada ya sala ya Ijumaa, kanzu ikinukia marashi, tayari kwa safari ya Mtongwe. Intisar alimwamkia, akamletea kahawa, halafu hakuondoka.

"Ami, mimi sikuridhia."

Kikombe kikasimama njiani. "Lakini uliulizwa, mwanangu. Ukanyamaa. Watu wote waliona."

"Sukari ilikuwa imepanda, Ami. Ulimi ulinikauka, haukuweza kusogea. Na hata ungesogea, ningeona haya. Lakini sikuridhia."

Mzee alimgeukia Bi Mwanasaumu, kama anayetafuta shahidi.

"Ni kweli," Bi Mwanasaumu akasema. "Dawa yake ilikuwa kwenye friji. Mimi ndiye niliyemzuia." Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na tulikuwa tunawaficha maradhi, Ishaka. Hilo nalo si haki yao."

Ami Ishaka akakizungusha kikombe. Aibu ya kuwarudisha watu wa heshima ilimpita usoni, na Intisar aliiona, ikamuuma.

"Miaka yote hii," akasema mzee, "tumekuwa tukisema amenyamaa, karidhika. Sijapata kujiuliza mtu aweza kunyamaa kwa kiu." Akasimama. "Ntakwenda kuwaambia mwenyewe. Watanisema, na mimi ntawasikiza. Lakini niambie, kuna mwengine?"

"Yupo."

"Ana kazi? Ana dini?"

"Anavyo vyote. Na ana kisukari."

"Kama wewe?"

"Kama mimi."

"Basi nyumba hiyo mtanunua friji mbili," Ami Ishaka akasema, akatoka akivaa kofia.

Alasiri hiyo simu ikalia. Intisar alikuwa sebuleni, Bi Mwanasaumu jikoni akikaanga samaki, Nyevu akimenya vitunguu.

"Asalaam alaykum, mwalimu. Sukari?"

"Alaykum salaam. Saba. Yako?"

"Kumi na mbili. Na sijala kitu."

"Basi umeogopa."

"Nimeogopa sana. Wazee wangu wanauliza waje lini. Nikawaambia siwezi kuwajibu kabla ya kukuuliza. Siulizi kama waje. Nakuuliza wewe, peke yako. Intisar, wanitaka?"

Intisar alihisi aibu ikimpanda shingoni, ile ya siku zote, yenye mikono laini ya kuziba mdomo. Aliifahamu vizuri. Akaiacha ipande mpaka ifike, kisha akazungumza hivyohivyo.

"Nakutaka, Talha. Na wakija nitajidunga hapo hapo sebuleni, wanitazame. Nakutaka!"

Jikoni mwiko ulianguka.

"Intisar!" Bi Mwanasaumu akapiga kelele. "Punguza sauti, Bofu nzima imesikia!"

"Mwache, dada," Nyevu akasema. "Kuna wazee wa Kisauni hawajasikia bado."